Mama, Madam Yoshie Anaongea Kama Wewe

Mama,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na hali yako naijua. Nilikuwepo udongo ulipoanza kuanguka juu ya jeneza. Nilikuwa nimemshika mama yako, Kukhu, mkono asisogee mbele zaidi. Kwa hiyo sitakuuliza. Nitakupa hali yangu tu: siumwi, ninafanya kazi, ninakula. Niko Dubai, mji uliosema tutaishi pamoja, nami ninaishi humu bila wewe.

Visa yangu ilitoka wiki ile ile uliyofariki. Sidhani ulijua. Wakala alipiga simu nyumbani kusema kila kitu kiko tayari, Kukhu akadhani ni wale wanaoleta mwili wako, akamjibu kwamba hata sisi tuko tayari, kaburi limeshachimbwa. Baada ya mazishi Shangazi Rose alinisihi nisiende. Akasema nchi iliyommeza mama haiwezi kumlea mtoto. Nilienda, Mama. Si kwa ushujaa. Nilikuwa nimeshafunga sanduku, na sikuwa na nguvu ya kulifungua.

Sasa mimi ni mhudumu wa mkahawa katika hoteli moja huku Al Rigga. Napanga vikombe, nabeba mayai, nasema good morning mpaka taya zinauma. Msimamizi wetu hutuharakisha, yalla, yalla, hata kabla wageni hawajaamka. Nimepanga kitanda Deira, chumba kimoja na wasichana wengine. Mimi nalala chini, na juu yangu analala Harriet, Mganda, mlinzi wa ghala kule Jebel Ali. Ni mtu mwema. Haniulizi kwa nini nalia. Hunisogezea tu kikombe cha maji na kuendelea kupiga pasi yunifomu yake.

Uliniahidi kwamba Ijumaa zote zitakuwa zetu. Tungeenda kanisani, halafu ungenipeleka kula samaki, halafu ungeenda kunionyesha kwa Mjapani wako. Ijumaa yangu ya kwanza nililala nikitazama mbao za kitanda cha Harriet hadi jua likatua.

Mjapani wako. Ndivyo ulivyomwita siku zote, na nilipokuwa mdogo nilidhani Mjapani ni aina ya kazi. Watoto wengine mama zao walikuwa na duka, au walikuwa na cherehani. Wangu alikuwa na Mjapani. Nilikuja kuelewa baadaye sana, kwa vipande vipande vya simu zako za Ijumaa. Kwamba Baba alipofariki, wewe uliyekuwa mwalimu wa chekechea pale kanisani Kitale ulienda kufagia nyumba za watu. Kwamba katika nyumba zote za Dubai ulipata bahati ya kupelekwa Al Jaddaf, kwa Madam Yoshie na mumewe, Sir, aliyekuwa akitoka kila asubuhi kwenda kuangalia mitambo ya bandarini. Kwamba Madam alikuwa akisugua sinki mwenyewe kabla hujafika, kwa aibu ya mtu mwingine kuona uchafu wake.

Hakuwa na mtoto pale, hakuwa na rafiki, na Kiingereza hakuwa nacho. Uliniambia alijaribu kwenda darasani, kwenye jengo moja refu, na mwalimu kijana akamuuliza alifanya nini mwisho wa juma. Wenzake walikuwa wamejibu, wamecheka na kumaliza, yeye bado anatafuta maana ya swali. Akarudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akakaa pale pale kando ya viatu, asiendelee ndani. Nawe ukaacha kufagia, ukakaa kando yake. Ukamwambia, "Madam, repeat after me." Kama vile watoto wako wa chekechea.

Ukamfundisha Kiingereza pekee ulichokuwa nacho. Nakisema kwa mapenzi, Mama: kile chako kilikuwa Kiswahili kilichovaa suti. Ukamfundisha kwamba mtu akikuuliza hali na huna la kusema, unajibu "I am just there", yaani niko tu. Ukamfundisha kwamba haiwezekani kuanza na shida, ni lazima kwanza usalimie, uulize kazi, uulize nyumbani, ndipo useme kilichokuleta. Na ukamfundisha "sorry". Hilo lilimsumbua. Kijiko kikianguka, wewe unasema sorry. Akigonga goti, unasema sorry. Akipiga chafya, sorry. Akaanza kuogopa, akamuuliza mumewe, huyu Teacher amefanya kosa gani kubwa hivi hata anaomba msamaha kutwa nzima? Mpaka ulipomketisha ukamweleza kwamba ile yako si ya kuomba msamaha. Ni pole. Ni kumshikia mtu upande mmoja wa mzigo.

Ulipokwama ulinipigia mimi. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa, nikikaa kwa Kukhu, na kamusi yangu ilikuwa imechanika jalada. Madam alikuwa amesikia mahali "a piece of cake", akakuuliza keki iko wapi. Nikakwambia maana yake ni jambo rahisi, kazi ya kumsukuma mlevi, na ulicheka hadi mtandao ukakatika. Alisikia mvua ya paka na mbwa, mkaenda wote wawili dirishani kutazama, na nje hakuna mvua, hakuna paka, hakuna mbwa, ni jua tu na vumbi la ujenzi. Na siku moja ukaniuliza "under the weather". Nilifungua kamusi, nikakwambia ni mtu anayejisikia vibaya kidogo, lakini si wa kukimbiziwa. Hilo ulilipenda kupita yote. Ulilirudia, ukalirudia, kama mtu anayejaribu kiatu.

Kumbe nilikuwa nikimfundisha Madam Yoshie kabla sijamtia machoni.

Nilipofika huku sikumtafuta. Namba yake nilikuwa nayo, Sir alitupa na akachukua yangu wakati wa kusafirisha mwili. Nilijiambia kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuiona nyumba iliyokaa nawe muda mrefu kuliko mimi. Miezi ikapita. Mchana mmoja nilikuwa nafuta meza, simu ikatetemeka mfukoni, namba yake, ujumbe mmoja mfupi: "Nekesa, you are lost."

Mtu mwingine yeyote angemtumia ramani. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wageni, jambo tunalokatazwa, nikaushika mdomo wangu. Umepotea! Ndivyo ulivyoanza kila simu niliyochelewa kupokea. Duniani kote hakuna mtu ambaye angemfundisha mwanamke wa Kijapani kunisalimia hivyo, isipokuwa wewe.

Ijumaa ile nilikwenda. Ijumaa metro huamka imechelewa kama watu wengine, kwa hiyo nilingoja, nikabadilisha treni Union, nikashuka Al Jaddaf kwenye upepo na kelele za kreni za ujenzi. Mlango ulifunguliwa na mama mdogo wa umbo, nywele za mvi zimekatwa usawa wa masikio. Aliinama. Kisha akainuka, akafungua mikono yote miwili, akasema, "You have come!" Na lile "come" akalivuta na kulipandisha mwishoni, vile vile. Vile vile, Mama. "Feel at home. How is home? How is Kukhu? How is the cow that was sick?"

Ng'ombe huyo mimi mwenyewe nilikuwa nimemsahau.

Sijui nikuelezeje. Sauti yako niliyokua nayo ni ya simu. Ilikuwa inakatika, inarudi, inasema "hallo, hallo, unanisikia?", inaisha. Ulipokuja likizo ulikuwa ukiongea na kila mtu, wageni wamejaa sebuleni, na mimi nakaa nyuma nikikukodolea macho. Hapa hakukuwa na mtandao wa kukatika. Ilikuwa sauti yako nzima, haina ufa, inatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Hata ile "eeeh" yako ya kuvuta pumzi ndani alikuwa nayo. Nikaomba kwenda bafuni. Nikafungua bomba la maji hadi mwisho, nikalia humo ndani.

Nilipotoka, chai ilikuwa tayari, imechemshwa pamoja na maziwa na tangawizi. Akaniambia, "Take tea. You cannot go like that." Nikanywa. Akainuka kuleta biskuti, akagonga goti lake kwenye meza, na ni yeye aliyejiambia sorry. Nikacheka kidogo. Akakaa. Akaangalia mikono yake. "Sorry, Nekesa," akasema. "Sorry for Teacher." Nikamshukuru.

Halafu akaanza kunisimulia asubuhi ile, na mimi sikuwa nimeomba kusimuliwa.

Alisema ulikuwa unaosha mchele. Bakuli lilianguka, nawe ukalifuata chini. Akakuita, hukuitika. Akachukua simu, akapiga namba ya dharura. Na mtu alipopokea, Mama, alimsalimia. "Good morning. How are you? How is the work?" Kama ulivyomfundisha. Mtu wa simu akauliza swali haraka, na ndani ya swali kulikuwa na neno asilolijua. Akajibu, "My teacher has slept." Akaulizwa tena. "She has slept in the kitchen." Kwa Kiingereza chako, ambamo mtu aliyezimia amelala, na aliyekufa pia amelala, alikuwa amesema kila kitu. Upande wa pili wakaelewa kwamba kuna mtu amejinyoosha na usingizi. Wakamuuliza kama unapumua, na neno la kupumua hakuwa nalo. Akaanza kulia kwa Kijapani. Mwishowe akatoka nje, akagonga milango ya majirani mmoja baada ya mwingine mpaka akatokea mtu wa kumpokea simu. Gari la wagonjwa lilikuja upesi baada ya hapo. Ulifia hospitalini siku hiyo hiyo.

Alipomaliza akasema tena, "Sorry." Na safari hii sikuisikia kama pole. Niliisikia kama vile Wazungu wanavyoisema.

Nilisimama. Nikamwambia kwa Kiingereza cha shule, cha haraka, ili asikidake chote, kwamba ulimpa kila neno ulilokuwa nalo, na siku moja tu ulipohitaji neno kutoka kwake, akalikosa. Sijui alielewa kiasi gani. Uso wake ulielewa. Chai niliiacha nusu.

Nilikuwa na hasira nawe pia, ukitaka nikwambie. Ulikuwa na miaka yote hiyo na mwanafunzi mmoja, na hukumfundisha kusema "help".

Harriet nilimsimulia kesho yake, nikitegemea akasirike pamoja nami. Alikuwa anapiga pasi kola. Hakuinua kichwa. "Nawe, Nekesa," akasema, "ingekuwa Japani, na wewe ndiye umeshika simu, ungesema nini kwa Kijapani?"

Mtu anaweza kukosa jibu na bado asiende kuomba radhi. Majuma yakapita. Nilibeba mayai yangu.

Asubuhi moja, wakati tunaondoa vyakula vya kifungua kinywa, mzee mmoja wa Kijapani alikuwa amebaki peke yake mezani. Nilipomwekea kahawa alisimama, akainama mbele yangu, mimi niliyevaa aproni, hadi msimamizi akageuka kutazama. Nikamjua kabla hajajitambulisha. Ulizoea kusema Sir hutembea kama mtu anayepita chumba cha mtoto aliyelala. Kiingereza chake ni cha ofisini, kila neno analiweka kama glasi. Aliniambia mkewe ameacha kuongea Kiingereza. Dukani haongei, kwa jirani haongei, simu haipokei. Anasema Kiingereza chake kilimuua mwalimu wake.

Nikamuuliza daktari alisema nini. Akasema mshipa ulipasuka kichwani, na kwamba tangu jikoni hukuwa wa kuokolewa tena, hata kama hospitali ingekuwa chumba cha pili. "Nimemweleza hayo mara nyingi kwa Kijapani," akasema. "Hanisikii. Anasema jambo hili lilitokea kwa Kiingereza."

Sijui kama daktari alisema kweli au alimhurumia, Mama. Nimeamua kumwamini.

Nilienda Ijumaa iliyofuata. Alifungua mlango, akainama, akasogea nipite. Hakusema "you have come". Hakuuliza ng'ombe. Nyumba ilikuwa kimya kama kisima, nikaelewa kwamba siku ile sikumnyamazisha yeye peke yake. Nilikunyamazisha na wewe.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalinitoka. Akachemsha chai, tukakaa, mvuke ukaisha juu ya vikombe. Nikatafuta moyoni mwangu ungemwambiaje wewe, kwa kile Kiingereza chako, na nikasema, "Madam, it is not you. Her day had reached."

Siku yake ilikuwa imefika. Nyumbani hakuna mtoto asiyeijua kauli hiyo. Yeye akaweka kikombe chini. Niliona mwanafunzi akiamka ndani ya yule mjane, maana alikuwa amekaa kama mjane, mumewe yu hai. Midomo ikasogea. Akauliza polepole, "Reached where?"

Imefika wapi. Nilifungua mdomo kumweleza, nikagundua sijui. Nimelisema neno hilo kwenye matanga mangapi, sikuwahi kujiuliza siku ya mtu hufika wapi. Nikamwambia, "I don't know." Akatikisa kichwa, akakubali, kama vile hilo ndilo jibu sahihi. Ndipo tukalia, kila mmoja kwa lugha yake.

Baadaye akaniambia jambo ambalo siku ya kwanza sikumpa nafasi ya kulisema. Kwamba wiki kadhaa kabla, ulikuwa unashika kichwa. Unasimama katikati ya kazi, unashika ukuta. Akikuuliza, unamjibu, "I am just under the weather." Naye hilo hukuwa umemfundisha, akaamini ni hali ya hewa. Akafunga mapazia. Akaongeza baridi ya mashine. Akakununulia kofia.

Nikamwambia kwamba neno hilo ulilipata kwangu. Na kwamba hata mimi uliniambia hivyo hivyo, kwenye simu zako za mwisho. Nakumbuka nilifurahi. Niliona umelitumia mahali pake kabisa, nikakusifu.

Madam Yoshie aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu. "Sorry," akasema. Nikaijua ni ipi.

Ulitufunga macho wote wawili, Mama, kwa neno dogo tu. Mtu anayejisikia vibaya kidogo, lakini si wa kukimbiziwa. Kwa nini hukutaka tukukimbizie?

Kisha akanipeleka jikoni, akanionyesha mahali ulipoanguka. Ni vigae tu, vyeupe, safi mno. Alisema alipotoka kugonga milango na kurudi, hakujua afanye nini tena, kwa hiyo alikaa chini, akaweka kichwa chako kwenye paja lake. Akakuimbia wimbo wa herufi uliomfundisha, maana ndio wimbo pekee wa Kiingereza anaoujua hadi mwisho. Anasema ulifumbua macho mara moja. Watu wa gari la wagonjwa walipokuinua, ulimwambia, "I'm coming."

Nakuja. Kwa Waingereza, anayesema hivyo yuko njiani kuja. Kwetu anayesema hivyo amekupa mgongo, anatoka, ila anataka usimfuate na usihuzunike. Ulikuwa umemfundisha hilo vizuri: Teacher akienda dukani husema I'm coming, na baada ya muda hurudi. Kwa hiyo Madam alirudi jikoni, akaokota ule mchele chini punje kwa punje, akaupika, akaandaa sahani yako, akangoja.

Nilimwambia hata mimi uliniaga hivyo. Langoni kwa Kukhu, ukiwa na sanduku la bluu, mimi nimevaa sare ya shule kwa sababu sikuwa na nguo nyingine safi. "Nakuja, Nekesa." Nikangoja langoni mpaka Kukhu akaja kunichukua, na hata baada ya hapo, kwa siku nyingi, nilikuwa nikimaliza kula natoka kwenda kutazama barabara. Madam alisikiliza yote. Aliuliza, "You were small?" Nikamwambia nilikuwa mdogo. Akasema "eeeh", ya kuvuta ndani, na ilikuwa yako, na ilinifaa kama vile umeisema wewe.

Tangu siku hiyo Ijumaa zangu zilipata pa kwenda. Nikawa namfundisha yale uliyoyaruka. Emergency. Breathing. Hurry up. Tulicheza mchezo wa simu: mimi ndiye wa gari la wagonjwa, yeye anapiga. Nikamwambia, Madam, hapa hakuna salamu, anza na shida. Hakuweza. Kila mara "how are you" ilimtoroka mdomoni, akaukamata mdomo kwa mkono kana kwamba ametapika mezani. Siku moja tulicheka. Halafu tukakumbuka tunachekea nini.

Mimi naye hatukuwa kama mlivyokuwa nyinyi wawili, usidhani. Kuna Ijumaa nilimchukia tena, ghafla, kwa kosa la kujua kwamba hupendi vitunguu vibichi, jambo ambalo mimi sikulijua. Kuna Ijumaa yeye alikosea na kuniita Teacher, akakaa kimya hadi nikaondoka.

Sasa wamekwenda. Kazi ya Sir bandarini imekwisha, wamerudi kwao. Ijumaa ya mwisho nyumba ilikuwa tupu, masanduku yamepangwa ukutani, na tulikunywa chai tumesimama. Nilipoaga akachukua viatu vyake. "Let me push you a little," akasema. Wacha nikusukume kidogo. Mtu mmoja kwenye lifti alimtazama kwa hofu, akasogea ukutani. Alinisindikiza hadi kituo cha metro, katika joto lile, yeye ambaye ndiye aliyekuwa anaihama nchi. Ulimfundisha kwamba mgeni haachwi mlangoni. Tuliposimama penye mashine za tiketi hakusema kwaheri. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Greet Kukhu." Ndipo akageuka.

Huniandikia. Anasema amejiunga na darasa kwenye mji wao, na mwalimu wa huko humsahihisha kila sentensi, naye husikiliza kwa adabu na kuendelea vile vile. Nafurahi. Lakini maandishi si sauti, Mama. Ile sauti ilikuwa hapa, treni mbili tu kutoka kitandani kwangu, na sasa iko mbali kuliko hata ulipokuwa wewe mimi nikiwa mtoto. Nimefiwa nawe mara ya pili, na mara hii hakuna aliyekuja kunipa pole, kwa sababu hakuna aliyejua kuna msiba. Harriet peke yake alikisia. Alisogeza kikombe.

Kukhu amezeeka haraka. Kila nikipiga simu ananiuliza swali moja, na kila mara namwambia mtandao mbaya. Anauliza nani alikuwa nawe. Haulizi ugonjwa, haulizi hospitali. Anataka kujua kama mtoto wake alikufa kati ya watu wasiomjua, amelazwa sakafuni kama mzigo. Nilikuwa nahofia sakafu, Mama. Nilidhani nikimwambia habari za jikoni nitamuua.

Nimeomba likizo ya Krismasi na nimekubaliwa, inshallah. Ahadi yangu kwako ni hii. Nitakaa na Kukhu mekoni, nimwambie yote, na sakafu nitaitaja, kwa sababu kwenye sakafu ile palikuwa na paja chini ya kichwa chako, na palikuwa na mtu anakuimbia kwa lugha isiyokuwa yake, akitumia kila alichokuwa nacho. Nitamwambia hukuwa peke yako. Ataniuliza ni nani huyo, na mimi nitamfundisha jina, pole pole, Yo-shi-e, kama mtoto wa chekechea. Atalikosea. Sitamsahihisha.

Pumzika, Mama. Usituangalie sana.

Ni mimi,
Nekesa wako